Kumjua Mnyama Kabla ya Kumwua



Mvua zikikata mwezi wa Mei, nchi yetu ya Singida hugeuka rangi kwa majuma machache tu. Alizeti huinamisha vichwa, uwele na mtama hungoja kuvunwa, na huko kusini, upande wa Itigi na Manyoni, majani marefu ya porini huanza kukauka. Ndipo kazi moja isiyozungumzwa sana huanza. Msimu wa uwindaji hufunguliwa mwezi wa Julai, lakini kuna msimu mwingine unaoutangulia, nao ni msimu wa kutazama. Barabara zilizokatwa na mvua hufunguliwa tena, majani huchomwa mapema ili machipukizi yapate kuota, na watu wenye macho makali hutumwa kupanda vilima na kuzunguka mabwawa katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Hutumwa wakajue wanyama wako wapi, ni wa umri gani, hunywa maji wapi na saa ngapi. Kazi yao siku hizo si kuua. Hubeba darubini na daftari, hurudi jioni, hueleza waliyoyaona.

Miongoni mwetu wako waliopata kibarua hicho, na wako wanaokitamani, maana ajira mjini ni haba na alizeti haimtajirishi kila mtu. Na swali tunalolisikia likiulizwa juu yao, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli, ni hili: mtu wa namna hii ana tofauti gani na Yuda? Hukaa karibu na mnyama siku nyingi, hujifunza njia zake, hujua mahali anapolala, kisha humwendea mwenye bunduki na kumwambia, huyu ndiye. Na malipo hupokea.

Twaweza kulijibu swali hili upesi kwa kusema kwamba mnyama si mtu, tukaishia hapo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa sababu muulizaji hakusema kwamba mnyama ni mtu. Yeye ameuliza juu ya moyo wa yule anayetazama. Mtu aliyezoea kukaa kimya kichakani akihesabu hatua za kiumbe kisichojua kwamba kinahesabiwa, je, moyo wake haujifunzi hila? Na akirudi kijijini, hatamtazama jirani yake kwa macho yale yale? Hili ndilo linalofaa kufikiriwa, na hatudhani kwamba lina jibu jepesi.

Kwanza sisi wa mjini tusijifanye kwamba jambo hili ni la watu wa Itigi peke yao. Tumezungukwa na mawe. Kila mtoto aliyekulia karibu na majabali ya ziwa Singidani ajua kwamba pimbi hutoka asubuhi kuota jua, kwamba hupenda jiwe lile lile siku baada ya siku, na kwamba mmoja wao hukaa juu kama mlinzi, naye akiona mwewe au mbwa hupiga kelele na wote wakatoweka katika mianya ya mawe. (Hawa ndio wibari wa Zaburi ya 104, ingawa wengi wetu tuliposoma jina hilo utotoni tulidhani ni mnyama wa Uyahudi tu.) Mtoto mwenye manati hujifunza hayo yote kabla hajaokota jiwe la kwanza, wala hakuna mwalimu aliyemfundisha. Nasi tumewaona watoto wa namna mbili. Wako wanaojifunza njia za pimbi wapate kuwapiga, nao huwapiga. Na wako walioanza kwa nia hiyo hiyo, wakatazama mno, manati ikasahauliwa shingoni. Hatusemi kwamba wa pili ni wema kuliko wa kwanza, kwa maana nyumba yenye njaa haiulizwi mboga imetoka wapi. Twasema tu kwamba kutazama kuna nguvu yake, na huweza kumfikisha mtu mahali asipokusudia kwenda.

Lugha yetu yenyewe imeona jambo hapa. Tuna neno kupeleleza na tuna neno kuvizia, na hakuna Mswahili anayeyachanganya. Anayevizia amekwisha kuamua. Anangoja nafasi tu. Anayepeleleza bado ana swali. Wale watu kumi na wawili ambao Musa aliwatuma kuipeleleza nchi ya Kanaani, katika sura ya 13 ya Hesabu, hawakutumwa kupigana. Walitumwa kuona kama nchi ni njema au mbaya, kama watu wake ni wachache au wengi, na kurudi na habari. Kosa la wale kumi halikuwa kutazama. Walirudi wakaikuza habari kwa hofu yao, mpaka watu wakaonekana majitu na wao wenyewe mapanzi. Kwa hiyo upelelezi, kabla haujawa jambo la bunduki, ni jambo la ukweli: je, huyu aliyetumwa atasema alichokiona, au atasema kile ambacho bwana wake apenda kusikia? Neno hili tutalirudia, kwa sababu huko porini ndiko linakobana.

Tazama jambo jingine la nyumbani. Kuku wa Singida wanajulikana hata Dar es Salaam, na hakuna haja ya kuwasifu hapa. Mama wa nyumba huwajua kuku wake mmoja mmoja: yule anayetaga nje, yule mgomvi, yule anayekaribia kuatamia. Akisikia kwamba mgeni anakuja Jumamosi, jogoo wa kuchinjwa amekwisha kuchaguliwa tangu Jumatano, naye jogoo hana habari, aendelea kuwika. Hatujasikia hata siku moja mtu akimwita mama huyo msaliti. Kwa nini? Kwa sababu jogoo yule alilishwa kwa mkono wake, alifungiwa usiku asiliwe na kicheche, alitafutiwa dawa wakati wa mdondo. Uhai wake ulikuwa kazi ya yule mama kabla ya kuwa kitoweo cha mgeni. Kati yao kuna hesabu, na hesabu hiyo yaeleweka kwa kila mtu.

Lakini mnyama wa porini hatukumlisha. Hatukumlinda na fisi, hatukumchotea maji wakati wa kiangazi, hatukukesha naye akizaa. Mwindaji anayefika siku ya kufungua msimu, akashuka garini na kupiga, ametwaa kitu ambacho hakukifanyia kazi hata ya saa moja. Sheria imempa ruhusa, na ada amelipa, lakini ada imelipwa kwa Serikali. Mnyama mwenyewe hakupokea chochote. Basi kama kuna kazi yoyote ambayo mwindaji huifanya kwa ajili ya mnyama kabla ya kumwua, ni hii ya kutazama. Hana nyingine. Nasi twaona kwamba hapa ndipo muulizaji wetu alipogeuza jambo juu chini. Yeye adhani kutazama ndiko kunakouchafua uwindaji. Sisi twadhani kwamba uwindaji usio na kutazama ndio usio na udhuru.

Tuseme kwa mfano wa tandala mkubwa, ambaye mapori ya kwetu yanajulikana kwake. Ni mnyama wa vilima na vichaka, mwenye milia myembamba myeupe ubavuni, na dume ana pembe za kuzunguka ambazo zikinyoshwa hupita mita moja kwa urefu. Masikio yake ni mapana, na kabla hujamwona amekwisha kukusikia. Madume huishi mbali na majike kwa sehemu kubwa ya mwaka, peke yao au wachache pamoja, na wakubwa hupenda miteremko yenye miti mingi. Mtu anayetaka kumjua haendi kwa gari. Huamka kabla ya alfajiri, hupanda kilima upande ambao upepo haumpeleki harufu yake, hukaa. Hutazama nyayo karibu na maji kama ni za jana au za juzi. Hutazama matawi yaliyovunjwa kwa pembe. Baada ya siku kadhaa aweza kukwambia kwamba katika bonde lile wako madume watatu: mmoja pembe zake zimezungusha mzunguko mmoja tu, naye ni kijana; wa pili amefika katikati; na wa tatu amekamilisha mizunguko miwili na nusu, maana yake ametimiza miaka kama sita au zaidi, amekwisha kupata watoto, na nguvu zake hazitaongezeka tena.

Tandala ana tabia moja ambayo kila mfuata nyayo aijua. Akishtuka hukimbia kwa kasi, hubweka kama mbwa mkubwa, lakini akisha kwenda mwendo kidogo mara nyingi husimama na kugeuka kutazama nyuma ni nini kilichomshtua. Wengi wameuawa katika kusimama huko. Kumjua tandala ni kujua hata hilo. Hatutaki kulipitia haraka, kwa sababu hapa ndipo neno Yuda linapouma kweli: udadisi wa mnyama, ambao kwa mtu tungeuita akili, ndio unaotumiwa kumwangamiza. Aliyetazama siku kumi juu ya kilima analo hilo mkononi mwake. Hakuna sheria inayoweza kumnyang'anya. Swali ni atalitumiaje.

Torati haikukataza uwindaji. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14 ayala na paa wamehesabiwa kati ya wanyama wanaoliwa, na Mambo ya Walawi sura ya 17 inamwagiza mwindaji aimwage damu ya mnyama na kuifunika kwa mchanga, asiiache wazi kama kitu cha bure. Lakini amri inayotugusa zaidi ni ndogo, na ni rahisi kuiruka. Ni ile ya sura ya 22 ya Kumbukumbu: ukikuta njiani kiota cha ndege na mama ameyalalia mayai au makinda, unaweza kuchukua makinda, lakini mama mwache aende. Ili kuitimiza amri hiyo, yapasa kwanza utazame. Mtu anayepita na kuzoa tu hawezi kuitii, hata akitaka, kwa sababu hajui ni nani mama. Sheria ya nchi yetu imekwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974 iliwekwa, na ile ya mwaka 2009 ikashika nafasi yake, na leo ni marufuku kumwua jike anayeonekana kuwa na mimba au jike anayefuatana na mtoto. Lakini askari hawezi kusimama nyuma ya kila kichaka. Sheria kama hiyo hutimizwa na macho ya mtu mmoja, asubuhi, majani yakiwa marefu, akiwa na uvumilivu wa kungoja aone kama kuna kitoto kilicholala chini.

Mfano wa simba waonyesha jambo hili kwa uzito zaidi. Watu wengi hudhani kwamba ukimwua simba dume mmoja umeua mmoja. Sivyo. Dume mwenye kundi huwalinda watoto wake dhidi ya madume wa nje. Akiondolewa, madume wageni huingia, na jambo la kwanza wafanyalo ni kuwaua watoto wadogo wa aliyetangulia, ili majike wapate kushika mimba upesi. Kwa hiyo risasi moja iliyompiga dume kijana mwenye familia huweza kuua watoto wengi ambao mwindaji hakuwaona wala hatawasikia. Watafiti Karyl Whitman na Craig Packer na wenzao, wakitumia habari za miaka mingi kutoka Serengeti na Ngorongoro, walionyesha mwaka 2004 kwamba kama wakiwindwa madume waliofika miaka 5 au 6 na zaidi tu, ambao kwa kawaida wamekwisha kulea kizazi kimoja, kundi halitadhoofika. Tena wakaeleza ishara ambayo mtu aweza kuiona kwa darubini: pua ya simba kijana ni ya rangi ya waridi, na kadiri umri unavyosogea hujaa madoa meusi. Tanzania baadaye ikaweka kanuni kwamba simba wa kuwindwa awe ametimiza miaka 6. Basi fikiri, msomaji: uhai wa watoto wale unategemea mtu aliyelala kifudifudi kwenye nyasi akiitazama pua.

Twaweza sasa kumjibu muulizaji wetu kwa sehemu. Kazi yote ya Yuda ilikuwa kusema neno moja, kwamba huyu ndiye. Mpelelezi wa kweli, kwa siku nyingi zaidi, husema kinyume chake. Siye huyu, ni kijana. Siye huyu, ana mtoto. Bonde hili tuliache mwaka huu, wamebaki wachache. Ukihesabu siku zake utaona kwamba amewaokoa wengi kwa kila mmoja aliyemwonyesha, na bila yeye bunduki ingechagua yenyewe, nayo huchagua kilicho karibu.

Hata hivyo jibu hili lina sharti, na sharti lenyewe si dogo. Mpelelezi awe na uwezo wa kusema siye, na neno lake lisikike. Mgeni anayekuja kuwinda simba hununua safari ya siku 21. Siku za mwanzo kila mtu ni mwema. Simba kijana huachwa aende, na wote husifu. Siku ya 19 mambo ni mengine. Mgeni amechoka, ametumia fedha nyingi sana, ndege yake inamngoja. Mwindaji bingwa anayemwongoza anafikiria jina la kampuni yake. Na mfuata nyayo, kijana wetu wa Singida, anajua kwamba mshahara wake ni mdogo na kwamba bahshishi hutolewa mnyama akiwa amelala chini, haitolewi kwa simba aliyeachwa. Wanamwuliza: huyu ana miaka mingapi? Jibu liko kinywani mwake. Hapo ndipo wale wapelelezi kumi wa Musa hurudi kati yetu, na hapo ndipo twapaswa kumwombea, kuliko siku ile anapopanda kilima.

Nasi hatuoni haki kumtwika kijana yule mzigo wote. Kama malipo yake yamepangwa hivi kwamba ukweli humpunguzia chakula cha watoto, basi waliopanga malipo wameshiriki katika kila uongo atakaousema. Afadhali apate mshahara unaotosha, bahshishi iwe nyongeza. Suala la fedha za uwindaji na mgawo wa vijiji tutaliacha leo. Ni refu, na wengi wamelisema.

Lakini tusiache kusema neno juu ya heshima ya kazi hii. Huko Ujerumani, katika milima yenye misitu, mwindaji wa ayala hapewi kibali mpaka afaulu mtihani, na mtu mwenye bidii huenda milimani majuma mengi kabla ya msimu kuwatazama wanyama na kujua yupi ni mzee, yupi ni dhaifu. Kutazama huko huheshimiwa kama sehemu ya uungwana. Wajerumani hao hao walipoitawala nchi yetu ndio walioleta sheria za kwanza za uwindaji, chini ya Gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896, na tangu hapo, chini yao na chini ya Waingereza waliowafuata, ikawa desturi kwamba mwenye bunduki na kibali huitwa mwindaji, na mwenye upinde aliyeyajua mapori tangu utoto huitwa mwizi. Bwana nyama alikuja kijijini kukamata, mara chache kuuliza. Tena mwenye bunduki mwenyewe hakuweza kuona kitu bila macho ya mwenyeji aliyetembea mbele yake. Fungua kitabu chochote cha picha za wakati ule: mgeni ameketi mbele, goti moja juu ya nyati, na nyuma yake wamesimama watu wawili watatu bila majina. Hao ndio waliomjua yule nyati.

Ndugu zetu Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka ziwa Eyasi, wengine wao ndani ya mkoa wetu huu katika wilaya ya Mkalama, wana adabu ambayo tungefaa kujifunza. Nao pia ni watazamaji wakubwa. Wakati wa kiangazi wawindaji wao hujificha usiku karibu na maji, na mshale wao una sumu. Mtu akisha kumpiga mnyama hakurupuki kumkimbilia. Humwacha, hurudi, kisha hufuata nyayo pamoja na wenzake. James Woodburn, Mwingereza aliyeishi nao kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, aliandika kwamba mwindaji aliyefanikiwa hurudi kambini akakaa kimya kati ya wanaume wengine, bila kujisifu, mpaka watu waone wenyewe damu iliyo katika mshale wake. Na nyama si yake. Ni ya kambi. Tunapoyatafakari hayo tunaona kwamba wao hawana haja ya kuuliza swali la Yuda. Mnyama hakuuzwa kwa mtu. Aliyemjua, aliyempiga na waliomla ni watu wa moto mmoja.

Kwa sisi wengine mambo yamegawanyika. Mmoja ajua, mwingine apiga, wa tatu alipwa, na nyama huliwa na wa nne. Ndiyo maana maarifa yenyewe yamekuwa bidhaa, na sasa twafika penye hatari kuliko yote tuliyotaja. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania walipowahesabu tembo katika nchi ya Ruaha na Rungwa mwaka 2009 walipata zaidi ya 31,000. Walipohesabu tena mwaka 2013, walipata kama 20,000. Katika miaka minne tembo wengi kiasi hicho walitoweka, na meno yao yakasafiri mbali. Wageni walioyanunua hawakuijua hata njia moja ya Rungwa. Wasingeweza kumwona tembo mmoja kama hapangekuwa na watu wenyeji waliowaambia hunywa wapi, hupita wapi, na askari wa doria alikuwa upande gani siku ile. Waliosema hivyo wengi wao hawakushika bunduki kabisa. Kama mtu akitaka kumwona Yuda, na amtafute hapo, wala asimtafute kwa kijana mwenye daftari juu ya kilima.

Na ubaya wake ni kwamba macho ni yale yale. Askari wa wanyamapori wa kijiji anayelinda na mwenyeji anayeuza habari wamejifunza katika shule moja. Wote wawili huinama juu ya unyayo ule ule na kusema, amepita asubuhi, alikuwa na mtoto, alikwenda taratibu. Kumjua mnyama hakumfanyi mtu kuwa mwema. Zamani habari kama hiyo ilitembea kwa miguu, nayo ilichoka njiani. Siku hizi simu moja ya dakika mbili yatosha, na fedha huingia katika simu hiyo hiyo kabla jua halijatua. Ndiyo maana hatuwezi kuridhika na kusema kwamba fulani hakuua, alisema tu. Mtu anapojifunza njia za kiumbe kisichoweza kumkataza kutazama, amepokea amana. Hatukuitafuta wenyewe, wengine tuliipata utotoni tukichunga mbuzi, lakini amana haipungui uzito kwa sababu ilikuja bila kutafutwa.

Baadhi yenu mnaishi au mna ndugu katika vijiji vilivyo kando ya mapori hayo, na ni kweli kwamba maswali huulizwa huko mapema, mwezi wa Mei na wa Juni, kabla msimu haujafunguliwa. Mtu mwungwana huja, hukaa, hukubali kikombe cha chai, huuliza habari za mvua na za mavuno, kisha kama kwa bahati huuliza tembo hunywa wapi siku hizi, au yule tandala mkubwa wa mlima ule kama bado yupo. Hakuna haja ya kumdanganya wala kumfukuza. Mwulizeni jina lake na mahali atokako, kibali chake kimetolewa na nani, na askari wa wanyamapori anayefuatana naye yuko wapi, maana mwindaji wa halali hutembea na askari. Mwenye kibali atayajibu hayo yote kabla chai haijapoa.